Simba Aliyetembea na Kucha

Jumatatu, 24 Novemba 2025

Leo ni siku ya 238 tangu nitoke nyumbani Mbololo. Niliaga nikisema nakwenda Kitale kwa miezi mitatu. Mimi nina miaka arobaini na mmoja. Mgongo wangu una sitini.

Mke wangu Mghoi amepiga simu saa saba, nikiwa na gunia begani. Nimelitua. Kiptum, nyapara wetu, amenitazama kana kwamba nimetua mtoto mchanga kwenye tope. Habari yenyewe: watu wa yule kijana anayemtaka binti yetu Mkawasi wanakuja kuposa. Jumamosi, tarehe 13 Desemba. Kiti cha baba kitawekwa sebuleni. Kama sipo, Mghoi amesema, kaka yangu Mwakio atakikalia.

Mwakio! Mtu ambaye hajawahi kumkatalia mtu kitu. Atasema ndiyo kabla chai haijamiminwa. Atamtoa binti yangu huku akicheka, kisha aombe nyama zaidi.

Nimekwenda kwa Kiptum kuomba ruhusa. Amesema hakuna anayetoka shamba hili mpaka gunia la mwisho liingie stoo, na anayejitoa mwenyewe haoni mshahara. Nimemwuliza ni lini. Ameonyesha mahindi kwa kidevu. Ekari thelathini bado zimesimama. Sisi ni watu ishirini na watatu. Nimepiga hesabu chini kwa kijiti. Inatoka siku ya Krismasi.

Nimefuta hesabu kwa mguu. Nimepiga tena. Krismasi.

Jumatano, 26 Novemba

Hapa hakuna anayeniita Mwadime. Wananiita Simba. Nimetoka upande wa Voi, na kwa mtu wa Tongaren au Naitiri, wanakotoka wenzangu, Voi ni mahali ambapo simba wanapanga foleni stendi. Sikuwahi kukanusha. Mwezi wa kwanza nilisema nimeona simba wengi. Mwezi wa pili nikasema nilimfukuza mmoja kwa mwiko. Mwezi wa tatu mwiko ukawa ngumi.

Ukweli nauandika hapa tu. Nilimwona mara moja, nikiwa juu ya lori. Kitu cha rangi ya nyasi kavu, kimelala chini ya mti, mbali. Dereva alisema ni simba. Turniboi, msaidizi wake, alisema ni jiwe.

Lakini si kwamba sijui kitu. Nilisoma mpaka darasa la sita, na marehemu baba alichunga ng'ombe wa watu kwenye ranchi miaka mingi. Leo kwenye chai Mzee Wabwile, mlinzi wetu, mtu wa Naitiri, ameuliza kama ni kweli dume la simba haliwindi. Nimemweleza taratibu. Kazi kubwa ya kuwinda ni ya majike. Wanasaidiana. Mmoja anamfukuza mnyama, wengine wamelala kwenye nyasi mbele wanamngoja. Dume akifika anakula kwanza. Halafu analala. Kwa siku nzima simba anaweza kulala saa ishirini.

Nasike, mpishi wetu, ameweka kijiko chini. Amesema ati huyo simba anamjua vizuri sana, aliolewa naye Kimilili miaka tisa.

Watu wamecheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nafikiria kiti.

Ijumaa, 28 Novemba

Kondoo mmoja wa mwenye shamba, Mama Chemutai, amepatikana amekufa kando ya kijito. Shingo imeng'atwa. Tumbo limefunguliwa.

Watu wote walinigeukia mimi.

Nikachuchumaa. Nikagusa udongo. Nikanusa vidole. Vilinuka sufu na mbwa, zaidi mbwa. Mzee Wabwile akasema hii ni kazi ya mbwa wa jirani, amewaona wakipita asubuhi, wawili, mmoja mweusi. Nikatulia. Nikatazama mlima. Nikasema kwa sauti ya chini kwamba sina hakika.

Ni ajabu jinsi watu wanavyomwamini mtu asiye na hakika. Kiptum alitoa mikono mfukoni. Akaniuliza sina hakika ya nini hasa. Nikasema sitaki kutisha watu. Akatishika hapo hapo.

Niliporudi kwenye magunia nilikuwa na wazo zima, na miguu yake yote minne. Watu wakiogopa, hawafanyi kazi. Wasipofanya kazi, wanarudishwa kwao. Na mimi kwetu ni Mbololo!

Jumapili, 30 Novemba

Wote wamekwenda kanisani. Nimesema tumbo linauma. Nasike ameniachia uji, Mungu ambariki, hilo likanifanya nione haya kidogo. Nikaunywa, kisha nikaanza kazi.

Nimechukua ndala zangu za zamani na kisu. Nimekata kitako kimoja kikubwa na vidole vinne, nikavigongea kwenye kipande cha ubao chenye mpini. Vizuri sana. Lakini nilipoukanyagisha mguu ule kwenye tope ulionekana mpole. Kama mguu wa mtu aliyekuja kuomba chumvi. Simba bila kucha ni nani? Hapo nikakumbuka misumari. Hapa kila mvunaji hufunga msumari kidoleni wa kufungulia maganda ya mahindi. Nimechukua minne, nikaipigilia mbele ya vidole, mmoja mmoja, ncha nje.

Nikakanyagisha tena. Mwenyewe nilirudi nyuma hatua moja!

Nyayo arobaini, kutoka kijitoni mpaka karibu na sakafu ya saruji tunayoanikia mahindi. Nimetupa mguu chooni. Nimenawa. Nimelala kitandani nikishika tumbo, mpaka waliporudi wakiimba.

Jumatatu, 1 Desemba

Siku ya 245, na ya kwanza iliyokwenda nilivyotaka.

Nasike ndiye aliyeona nyayo, saa kumi na mbili na nusu, akienda kuteka maji. Ndoo ilifika jikoni bila maji. Kiptum akaja, akaona, akachukua sufuria yake Nasike na kufunika unyayo ulio mzuri zaidi, ati ni ushahidi. Nasike akauliza ugali atapika ndani ya nini, ndani ya ushahidi?

Wakaniita. Nilitembea polepole kando ya nyayo, mikono nyuma. Nikasema ndiye.

Hapo ningenyamaza. Lakini waliuliza, na mimi nikiulizwa mambo ya simba siwezi kujizuia. Nikawaambia simba si kama paka wengine wanaoishi peke yao. Anaishi na jamaa zake. Majike ni mama, dada, shangazi, wanazaliwa pamoja na kuzeeka pamoja, wananyonyesha hata watoto wa wenzao. Kwa hivyo ukiona mmoja, nikasema, wahesabu wengine. Nikawaambia sauti yake husikika kilomita nane. Mmoja wa Tongaren akasema yeye jana alisikia kitu. Mwingine akasema hata yeye. Wa tatu akasema alidhani ni trekta.

Kufikia saa nne walikuwa wamefunga mizigo. Kiptum mwenyewe aliwapa ruhusa, akasema hataki maiti kwenye daftari lake. Watu kumi na tisa wakashika barabara ya Kitale na ndoo na magodoro vichwani.

Nami nikafunga begi. Nikaenda kumuaga.

Kiptum akaweka mkono begani mwangu. Siku 245 hakuna mtu aliyeweka kitu hapo ila gunia. Akasema kwa sauti karibu ya kulia: Simba, wewe ndiye utabaki. Wengine wote waende, lakini wewe ndiye mtu tunayemhitaji.

Alhamisi, 4 Desemba

Tumebaki wanne. Kiptum, Nasike, Mzee Wabwile na mimi. Mzee Wabwile hawezi kubeba, ana miaka sitini na nane. Nasike anapika. Kiptum anasimamia. Kwa hivyo kila asubuhi Kiptum anasimama mbele yangu na kunisimamia, mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Gunia arobaini jana. Thelathini na nne leo. Nikiinama, siinuki mara moja. Nangoja kwanza, kama mtu aliyeangusha kitu.

Nimejaribu kumfukuza simba wangu. Nimemwambia Kiptum kwamba simba hupenda nyika zilizo wazi, penye swala na punda milia, hapendi mahindi, bila shaka ameshakwenda zake. Nimesema anaweza kutembea mbali sana kwa siku moja. Kiptum akafikiri. Akasema basi anaweza pia kutembea mbali sana akirudi. Nikamkumbusha kwamba hulala saa ishirini. Akauliza, zile nne zinazobaki ni saa ngapi mpaka saa ngapi?

Hilo baba hakuniambia.

Mghoi amepiga. Nimemwambia nimebakizwa kwa ajili ya simba. Wameshapaka rangi sebule. Mwakio ameleta kiti kutoka kwake, chenye mikono, kile changu ati kinayumba.

Jumamosi, 6 Desemba

Afisa wa wanyamapori amekuja kutoka Kitale. Mwanamke, jina Everlyne, viatu vizito, maneno machache. Kiptum akainua sufuria kwa mikono miwili kama anafunua chakula cha askofu.

Everlyne akatazama. Akachukua rula, akapima. Akauliza nani aliyesema huyu ni simba. Wakanionyesha mimi. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Voi. Akatingisha kichwa kwa huzuni.

Kisha akaeleza, si kwa ukali. Simba ni jamaa ya paka. Akitembea, kucha zake amezirudisha ndani ili zisiishe ncha, anazitoa akikamata tu au akikwaruza mti. Unyayo wake hauonyeshi kucha. Anayetembea na kucha nje ni mbwa na fisi. Halafu akainama zaidi, akasema huyu pia ana mistari mistari katikati ya kitako, kama ya ndala. Namba nane, akasema, au tisa.

Nasike alitazama miguu yangu. Mimi nilitazama mlima.

Mzee Wabwile akamwuliza mambo mengine, nadhani kunipa nafasi ya kupumua. Kwa nini dume huonekana peke yake barabarani? Everlyne akasema dume kijana hufukuzwa kwao akifika miaka miwili, mitatu. Anatangatanga. Akipata nguvu anavamia familia ya mwingine, na akishinda, mara nyingi huua watoto aliowakuta. Dume aliyeondolewa hana kurudi. Porini wengi hawafiki miaka kumi na minne. Lakini, akasema, madume ndugu hufanya vizuri. Wakishikamana, mmoja akiwa mbali mwingine yupo, na familia inakaa salama muda mrefu zaidi.

Sikupenda hayo maelezo. Yalikuwa marefu bila sababu.

Alipokwenda zake, Mzee Wabwile alinishika kiwiko, akanipeleka kwenye sakafu ya saruji. Pembeni pana nyayo ndogo. Saruji ilipomwagwa, mwaka juzi, paka wa Nasike alipita juu yake, na mbwa akapita nyuma yake. Za mbwa zina kucha. Za paka ni mviringo, safi, hazina kitu. Nimezikanyaga kila siku tangu Aprili, na gunia begani.

Mzee akasema simba wangu alisoma kwa mbwa. Kisha akaacha kutania. Akaniambia: ndugu yangu, nenda ukamwambie Kiptum ni wewe. Atakulipa na kukufukuza leo hii hii. Basi la jioni lipo. Jumatatu uko kwako, umeketi kwenye kiti chako.

Nilimtazama mzee yule. Ilikuwa kweli kabisa! Njia ya kwenda nyumbani ilikuwa neno moja.

Nikaenda na neno langu mdomoni. Kiptum alikuwa kwenye simu na Mama Chemutai. Akanipa simu, akasema mama mwenyewe anataka kusikia kutoka kwangu. Na Mama Chemutai akasema: pole na kazi, Bwana Mwadime. Akaniita Bwana. Akasema afisa anasema si simba, lakini yeye hapendi kubahatisha, mimi mtu wa Voi naonaje hizo kucha?

Bwana Mwadime akafungua mdomo aseme ukweli. Alichosema ni kwamba yuko simba mzee, mgonjwa, ambaye kucha zimekataa kurudi ndani. Na huyo ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu hawezi tena kukimbiza swala, anafuata mifugo.

Mama Chemutai akasema kondoo wote wahamishwe kesho kwa rafiki yake wa kanisa, Mama Phelista, kule Mabanga, karibu na Bungoma. Na aende nao mtu anayejua simba.

Mzee Wabwile alikuwa amesimama mlangoni. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

Jumatano, 10 Desemba

Mabanga. Kondoo thelathini na mmoja, nimewahesabu mpaka nimewapa majina. Mama Phelista ni mtu mzuri, ananipa chai ya maziwa na kuniuliza kila asubuhi kama nimesikia kitu. Nasema bado.

Nimemwomba siku nne tu. Amesema hana neno, ila Mama Chemutai amemwagiza nisiwaache kondoo mpaka simba akamatwe. Nimemwambia afisa alisema simba hayupo. Akasema basi atakamatwaje? Akaenda kulisha kuku, amehuzunika kwa ajili yangu.

Basi la Nairobi hutoka Bungoma jioni. La kesho ndilo la mwisho la kunifikisha kwa wakati. Nimekaa nikimtazama kondoo ninayemwita Mwakio. Anakula cha wenzake, anacheka.

Jumamosi, 13 Desemba

Siku ya 257.

Mzee Wabwile alinipigia asubuhi. Kwa kuwa watu walikimbia, Kiptum aliazima mashine kubwa na watu wa shamba la jirani. Gunia la mwisho liliingia stoo juzi, Alhamisi. Wote wameachiliwa mpaka mwezi wa tatu. Nasike yuko kwao. Hata yeye mzee anafunga begi. Akasema simba wangu ameharakisha kazi sana, watu wanamshukuru. Ningenyamaza tu kwenye ile simu ya Mama Chemutai, ningekuwa pale, ningepanda basi la Alhamisi.

Saa nane Mghoi aliweka simu mezani, sebuleni, ili nisikie. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi, kondoo wakinizunguka. Nikasikia vikombe. Nikasikia viti. Nikasikia kile chenye mikono kikilia mtu alipokikalia.

Mzee wa upande wa kijana aliuliza baba wa binti yuko wapi. Nilifunga macho. Nilimngoja Mwakio acheke.

Hakucheka. Akasema: kaka yangu hakuweza kufika. Yuko Kitale, anawalinda watu na simba. Mimi nimekaa hapa kumshikia kiti tu, si changu.

Wazee wakaguna kwa heshima, mmoja baada ya mwingine. Na Mwakio hakusema ndiyo. Aliuliza kijana amesoma nini, anaishi na nani, na nyumbani kwao nani huamka kwanza. Maswali yale yale ambayo mimi niliyaandika nyuma ya daftari hili. Akasema jibu litatolewa Jumamosi tarehe 10 Januari, baba akiwepo.

Mwisho Mkawasi akaichukua simu, akatoka nayo nje. Akaniuliza kwa sauti ndogo: Baba, ni kweli kuna simba huko? Nikasikia anaogopa. Anaogopa kwa ajili yangu.

Hapo palikuwa na nafasi ya neno lile. Lilikuwa bado liko mdomoni, tangu Jumamosi iliyopita.

Nikasema ndiyo. Nikasema ni mzee, mgonjwa, asijali. Akasema nijichunge. Akasema atanisubiri.

Kondoo Mwakio alikuwa anatafuna mkono wa shati langu. Nimemwacha atafune.

Jumapili, 14 Desemba

Sikulala vizuri. Lakini asubuhi nimefikiri sana, na mambo yamenyooka.

Mzee Wabwile amepiga akiwa Naitiri. Amesema bado ni neno moja tu, hata kwa simu, Mama Chemutai atanifukuza kwa dakika mbili. Nimemshukuru. Ni mtu mwema, ila haelewi mipango.

Kosa halikuwa simba. Kosa lilikuwa kucha. Na simba humfanya mtu ahamishe kondoo, ndiyo maana niko hapa. Kwa hivyo panatakiwa mnyama wa kuwarudisha Kitale, ambako kazi imekwisha na watu wameachiliwa. Asiyekula kondoo. Anayekula majani. Mama Phelista ana robo ekari ya majani ya napia na anayapenda kama wanawe.

Kwetu Voi ndovu wako wengi kuliko simba. Huyo nimemwona hasa, mara nyingi, hakuna turniboi wa kubisha. Anakula kutwa kucha. Akipita kwenye napia hakuna atakayezungumza tena habari ya kondoo kubaki hapa. Na unyayo wake ni mviringo, mkubwa, kama kitako cha ndoo.

Ndoo ninayo. Tope lipo kisimani. Leo wote wamekwenda kanisani, nimesema tumbo linauma.

Safari hii sitaweka kucha hata moja. Mtu hujifunza.

Nitafika nyumbani Jumamosi, tarehe 20 Desemba. Mghoi, mwambie Mwakio aje achukue kiti chake.